Skizofrenia: Mgonjwa ni Mmoja, Somo ni la Nyumba Nzima

Leo naanza na kisa cha nyumbani kwetu.

Nilikuwa kidato cha pili. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa ametoka hospitali baada ya kulazwa wiki 6 katika wodi ya wagonjwa wa akili. Alirudi na bahasha mbili za vidonge na kadi yenye tarehe ya kliniki. Basi. Hakuna aliyetukalisha chini akatueleza ugonjwa ule unaitwaje, dawa zile zinafanya kazi gani, wala tuishi naye vipi.

Siku ya tano mjomba akagoma. "Mimi siumwi. Kunyweni nyinyi." Bibi, kwa mapenzi kabisa, akatafuta njia. Akawa anasaga vidonge kati ya vijiko viwili, anavichanganya kwenye uji wa asubuhi, halafu anaongeza sukari. Kazi yangu mimi ilikuwa kumpelekea kikombe na kukaa naye mpaka amalize.

Sasa sikiliza. Kabla hajalazwa, neno la mjomba lilikuwa moja kila siku: "Mnaniwekea kitu kwenye chakula." Sote tulimwambia hapana, hayo ni mawazo ya ugonjwa. Asubuhi moja akaonja uji, akaushikilia mdomoni, akautema. Ulikuwa mchungu. Akanitazama, akaniuliza taratibu, "Mjomba, humu mmeweka nini?"

Nikamjibu, "Hamna kitu." Nilidanganya, na yeye alijua kuwa nimedanganya.

Tangu siku ile hakugusa tena chakula cha nyumbani. Alinunua mayai ya kuchemsha na ndizi mbivu, kwa sababu vyote viwili vina ganda na unamenya mwenyewe. Mwezi na siku chache baadaye alikuwa amerudi wodini.

Ukiangalia vizuri, pale nyumbani hapakuwa na mtu mbaya. Bibi alikuwa anamwokoa mwanawe. Mjomba alikuwa anajilinda. Mimi nilikuwa natii. Kilichokosekana ni elimu, na ndiyo habari ya makala hii. Wataalamu wa afya ya akili wanaihesabu elimu hiyo kuwa sehemu ya tiba, pamoja na kidonge na sindano. Tena siyo ya ndugu peke yao wakinong'ona nyuma ya mlango. Mwanafunzi wa kwanza ni mgonjwa mwenyewe.

Huu ni ugonjwa gani?

Skizofrenia ni ugonjwa wa ubongo unaovuruga namna mtu anavyofikiri, anavyohisi na anavyotambua kipi ni kweli na kipi si kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 23 hivi wanaishi nao, yaani mtu 1 katika kila 345. Kwa hiyo ukihesabu watu wa mtaa wenu, huenda yumo.

Mara nyingi unaanza ujanani: mwishoni mwa miaka ya kumi na kitu au katika miaka ya ishirini. Wanaume huwa unawaanza mapema kidogo kuliko wanawake. Ndiyo maana gazeti la vijana kama hili lina sababu ya kuuzungumza. Ni ugonjwa wa umri wetu.

Dalili zake ziko za aina mbili kubwa, na ni muhimu uzijue zote mbili.

Aina ya kwanza ni zile zinazoonekana na kila mtu. Mtu anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mara nyingi zinamtukana au zinamwamuru. Anaamini jambo ambalo hakuna wa kumtoa: kwamba anafuatiliwa, kwamba redio inamsema yeye, kwamba jirani anasoma mawazo yake. Maneno yake yanaruka, unashindwa kumfuata.

Aina ya pili ni za kimya. Mtu hana hamu ya kitu chochote. Haogi, habadilishi nguo, anakaa chumbani mchana kutwa. Uso hauonyeshi furaha wala huzuni. Ukimuuliza anakujibu neno moja. Kusoma au kufuata mazungumzo marefu kunamshinda. Dalili hizi huendelea hata baada ya sauti kutulia, na hapo ndipo familia nyingi hukosea. Wanasema, "Kichwa kimepona, sasa imebaki uvivu." Siyo uvivu. Ni ugonjwa ule ule umekaa upande wa pili.

Na jambo moja tulimalize hapa hapa: skizofrenia siyo kuwa na "watu wawili ndani ya mtu mmoja" kama wanavyoonyesha kwenye sinema. Pia wagonjwa wengi siyo watu wa fujo. Mara nyingi wao ndio wanaopigwa, wanaoibiwa na wanaodhulumiwa.

Nani alaumiwe?

Kila familia inauliza swali hili, hata kama haisemi kwa sauti. Mama anajiuliza alikosea wapi kumlea. Shangazi anamtazama mke wa kaka yake kwa jicho la pembeni. Mtaani wanasema ni bangi. Ukoo unasema kuna mtu amemtupia kitu.

Tuanze na malezi. Mwaka 1948 kule Marekani daktari mmoja wa akili, Frieda Fromm-Reichmann, aliandika juu ya mama ambaye malezi yake yanamletea mtoto skizofrenia. Wazo hilo lilienea, na kina mama wengi waliumizwa nalo kwa miaka mingi. Baadaye utafiti ulishindwa kulithibitisha na likaachwa. Mama hamletei mtoto skizofrenia kwa kumdekeza wala kwa kumfokea.

Tunachojua ni kwamba mambo kadhaa huungana. Kuna urithi wa damu. Kuna matatizo wakati wa ujauzito au kujifungua. Kuna shida nzito za maisha. Na bangi, hasa ikianza kuvutwa mapema, tena kwa wingi, huongeza uwezekano wa kuupata ugonjwa, na kwa aliyekwisha kuupata huurudisha. Lakini wapo wengi waliougua ambao hawajawahi kuushika msokoto.

Je, na wewe ndugu yake utaugua? Najua umejiuliza, maana na mimi nilijiuliza, usiku, peke yangu. Jibu: mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja anayeugua ana uwezekano wa takriban 10 katika 100, wakati kwa watu wote ni chini kidogo ya 1 katika 100. Ni zaidi, ndiyo. Lakini igeuze hesabu hiyo: 90 katika 100 hawaugui. Hata mapacha wanaofanana kabisa, mmoja anaweza kuugua na mwenzake asiugue. Unachoweza kufanya ni kimoja wazi: kaa mbali na bangi.

Kwa nini nyumbani ni mahali pa tiba?

Katika miaka ya 1950 huko London, mtafiti George Brown na wenzake waliwafuatilia wanaume waliokuwa wametoka katika hospitali za akili. Ungedhani aliyerudi kwa wazazi au kwa mke ndiye angekaa vizuri zaidi kuliko aliyepanga chumba peke yake. Haikuwa hivyo. Wengi zaidi waliorudi hospitali ni wale waliorudi kwa wazazi au wake zao.

Walipochunguza zaidi waligundua mambo matatu yanayomchosha mgonjwa. La kwanza ni kumkosoa kila saa: "Umeamka saa hizi? Hujaoga? Wenzako wana kazi." La pili ni uadui: "Wewe ndiye mkosi wa nyumba hii." La tatu linashangaza. Ni kumhangaikia kupita kiasi: kumfuata kila anapokwenda, kumjibia anapoulizwa, kumlisha kama mtoto, kulia mbele yake. Ubongo ulio katika ugonjwa huu ni kama ngozi iliyoungua. Mguso ambao kwako ni wa kawaida, kwake unauma.

Tafadhali usisome hapa kwamba familia ndiyo inayoleta ugonjwa. Hapana. Ugonjwa ulikuwapo. Familia iliyochoka, isiyofundishwa na yenye hofu hufanya mambo ambayo familia yoyote ingefanya. Ndipo wataalamu wakasema: kama ni hivyo, tuwafundishe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mafunzo ya familia yamejaribiwa katika nchi nyingi. Matokeo yamekuwa yakielekea upande mmoja: mgonjwa anayetumia dawa na ambaye familia yake imefundishwa, ugonjwa humrudia mara chache kuliko anayepewa dawa tu.

Hapa kwetu Tanzania mafunzo ya namna hii yamefanyiwa utafiti Muhimbili, Dar es Salaam, na katika hospitali ya rufaa ya kanda, Mbeya. Mpango huo ulipewa jina KUPAA, kifupi cha Kuwezeshana Kupata Uzima. Mgonjwa na ndugu yake waliingia darasani pamoja, wakakaa na wagonjwa wengine na ndugu zao. Zingatia neno hilo: pamoja.

Somo la kwanza: dawa

Dawa ya kwanza ya kisasa ya ugonjwa huu, klopromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili nchini Ufaransa mwaka 1952. Siku hizi kuna nyingi: haloperidoli, risperidoni, olanzapini na nyinginezo. Ipo pia sindano ya muda mrefu, ambayo wengi huchomwa mara moja kwa mwezi badala ya kumeza kila siku. Na kama dawa mbili zimejaribiwa vizuri bila mafanikio, safari haijaisha. Iko klozapini, ambayo inahitaji kupimwa damu mara kwa mara.

Dawa hizi hutuliza sauti na zile imani zinazomtesa mtu. Hazifanyi kazi kama panadoli. Huchukua siku na wiki. Na kupata nafuu siyo ruhusa ya kuacha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema aliyeugua mara ya kwanza aendelee na dawa angalau miezi 12 baada ya dalili kuisha. Aliyeugua zaidi ya mara moja huhitaji muda mrefu zaidi. Wengi ugonjwa huwarudia kwa sababu walijiona wazima, wakaacha kimya kimya.

Lakini tuwe wakweli. Dawa zina maudhi yake, na mgonjwa anayelalamika hasumbui. Anasema kweli. Zipo zinazoleta usingizi, mate kutoka, mikono kutetemeka, kushindwa kutulia mahali pamoja. Zipo zinazonenepesha na kupandisha sukari. Zipo zinazopunguza hamu ya tendo la ndoa, au kumfanya msichana akose siku zake. Kijana wa miaka 22 hawezi kumwambia mama yake hilo la hamu ya tendo la ndoa. Anaacha dawa, basi. Kumbe angemwambia nesi, dozi ingepunguzwa au dawa ingebadilishwa.

Moja nataka ulikariri. Katika siku za kwanza za dawa, hasa haloperidoli, shingo inaweza kupinda, macho yakageuka juu, ulimi ukakaza. Inatisha sana. Wapo wanaosema, "Mashetani yamepandwa hasira na dawa ya hospitali," wakaitupa. Siyo shetani. Ni misuli imekaza kwa sababu ya dawa, na inatibika. Nenda naye kituo cha afya siku hiyo hiyo, atapewa dawa ya kuilegeza.

Na uji je? Usimfiche mtu dawa kwenye chakula. Najua kwa nini unashawishika. Lakini siku akigundua, umempa ushahidi kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli, na hatakuamini tena hata ukimpa maji. Afadhali apate siku moja ya kugoma na mkaenda kuzungumza na daktari kuhusu sindano, kuliko mwezi mmoja wa uongo.

Somo la pili: dalili za onyo

Mara nyingi ugonjwa haurudi ghafla kama radi. Hupiga hodi kwanza. Kwa mmoja ni usingizi kupotea usiku mbili au tatu. Kwa mwingine ni kufunga madirisha mchana, kuacha kula na wenzake, kuongeza sauti ya redio ili kuzima sauti nyingine, kurudia wimbo au neno moja, kukasirika kwa kitu kidogo.

Kila mgonjwa ana hodi yake. Kaeni siku ambayo yuko vizuri mwulizane: "Mara ya mwisho kabla hujalazwa, kitu cha kwanza kilikuwa nini?" Muulizeni yeye kwanza, halafu na nyinyi mseme mlichoona. Andikeni vitu vitatu kwenye daftari. Kubalianeni: vikitokea viwili, tunakwenda kliniki bila kusubiri tarehe. Akiwa amekubali mwenyewe akiwa na akili tulivu, siku ya siku hamtakuwa mnamlazimisha. Mtakuwa mnamkumbusha maneno yake.

Somo la tatu: namna ya kuongea

Kaka yako anakwambia, "Wale watu wa ng'ambo ya barabara wanapanga kuniua." Utajibu nini?

Ukisema, "Acha upuuzi, hakuna kitu," unamfungia mlango. Ukisema, "Ndiyo, hata mimi nimewaona," unamzamisha zaidi. Jaribu hivi: "Mimi sijawaona, kaka. Lakini naona umeogopa sana, na kuogopa hivyo kunachosha. Tukae wote hapa ndani kidogo." Hujakubali wala hujabisha. Umeshika kile kilicho kweli, yaani hofu yake.

Kwa mambo ya kawaida, tumia sentensi fupi, jambo moja kwa wakati mmoja. Badala ya "Oga, ufue, halafu uende dukani," sema "Kaka, maji yako tayari bafuni." Akifanya, mshukuru. Asipofanya leo, kesho ipo. Ukikasirika, maana utakasirika, sema kilichokuudhi bila kumhukumu yeye: "Redio usiku wa manane inaniamsha, nina mtihani." Hiyo ni tofauti na "Umetushinda wewe."

Mpe nafasi yake. Kama anataka kukaa peke yake saa moja, aachwe. Wageni kumi sebuleni siku ya sikukuu wanaweza kumzidi. Asilazimishwe kusalimia wote.

Na mpe kazi inayomfaa, siyo ya kumkomoa. Hospitali ya Lutindi, kule Korogwe katika milima ya Usambara, imewapa wagonjwa kazi za mikono na za shamba kwa miaka mingi kama sehemu ya tiba. Nyumbani inaweza kuwa kuchota maji ya asubuhi au kuhesabu mayai ya kuku. Kazi ndogo inayofanyika kila siku inamrudishia mtu jina lake.

Mganga, shehe na mchungaji

Hatutaki kukuzuga hapa. Familia nyingi zinaanza kwa mganga au kwenye maombi kabla ya hospitali, na nyingine zinakwenda kote kwa pamoja. Imani inawapa watu nguvu, na mgonjwa naye ana haki ya kusali. Mpaka uko hapa: yeyote anayesema acheni dawa, au anayetaka kumfunga minyororo, kumchapa au kumnyima chakula ili pepo atoke, huyo anamuumiza ndugu yenu. Mwombeeni, na tarehe ya kliniki ikifika mpelekeni.

Akizidiwa

Siku ikifika akawa amechafukwa, mmoja tu aongee naye, tena yule anayemwamini. Sauti ya chini. Watoto na watazamaji watoke. Visu na vitu vizito viondolewe kimya kimya. Usimzibe njia ya mlango na usimvamie. Mweleze kila mnachotaka kufanya kabla hamjakifanya. Kama mnahitaji msaada wa mjumbe au polisi, waambieni mapema kwamba huyu ni mgonjwa, siyo mhalifu.

Akisema anataka kujiua, au sauti zinamwambia ajiue, usidhani anatishia. Usimwache peke yake, ficha vidonge na sumu za shambani, na mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe unayesikia sauti

Huenda anayesoma ukurasa huu siyo ndugu. Huenda ni wewe mwenyewe.

Kwanza, ulichonacho ni ugonjwa, na una jina. Siyo laana, siyo adhabu. Pili, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, angalau mtu 1 katika 3 wenye skizofrenia hupona kabisa. Wengine wengi huishi nao, wanasoma, wanafanya kazi na wanaoa au kuolewa. Tatu, una haki ya kuuliza. Dawa hii inaitwaje? Nitaitumia mpaka lini? Mbona nanenepa? Daktari akimjibu ndugu yako badala yako, sema kwa heshima, "Samahani daktari, ningependa kusikia na mimi."

Wapo wanaotuliza sauti kwa kusikiliza muziki, kuhesabu hatua au kuongea na mtu. Jaribu uone kipi kinakusaidia. Pombe na bangi zinaweza kuonekana rafiki kwa saa mbili, lakini zinakurudisha wodini. Na siku ukichoka na dawa, usiache kimya kimya. Nenda ukaseme, "Nimechoka na dawa hii." Hilo ni lalamiko halali kabisa, na mhudumu mzuri atalisikiliza.

Ndugu naye ni mtu

Kama wewe ndiye unayekaa naye, pengine umeacha kuleta marafiki nyumbani. Pengine umewahi kutamani asiwepo, halafu ukajichukia. Hilo haliwi kosa la moyo wako. Ni uchovu. Gawaneni zamu: kaka mkubwa ampeleke kliniki mwezi huu, wewe mwezi ujao. Wewe mwanafunzi usiachiwe mzigo wote kwa sababu tu unalala naye chumba kimoja. Endelea na mpira wako, kwaya yako, masomo yako. Na kama fedha za matibabu ni tatizo, mwulizeni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha wa gharama.

Mkienda kliniki mara ijayo

Nendeni wawili, yeye na wewe. Bebeni daftari. Ulizeni haya matano na mwandike majibu:

1. Ugonjwa wake unaitwaje, na mmejuaje?
2. Kila dawa inaitwaje, inafanya kazi gani, na atatumia mpaka lini?
3. Maudhi gani tuyategemee, na yapi ni ya kukimbilia hospitali?
4. Dawa zikiisha hapa, tuzipate wapi?
5. Je, kuna siku ya mafunzo kwa wagonjwa na ndugu? Kama haipo, nani anaweza kutupa dakika 20?

Mjomba wangu, mara ya pili alipotolewa, alimpata nesi mmoja aliyekaa nasi kwenye benchi nje ya wodi: bibi, mama, mimi na mjomba. Alimwanza yeye. "Wewe unataka nini?" Mjomba akasema anataka sindano ya mwezi, siyo vidonge, na anataka mtu yeyote asimguse chakula chake. Bibi akaanza kulia. Akamwambia, "Mwanangu, ule uji niliutia dawa mimi. Nisamehe." Mjomba alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nilijua, mama. Nilitaka tu mseme."

Leo ni miaka mingi. Ameugua tena mara moja, lakini mara hiyo tuliiona hodi ya usingizi siku ya tatu, akaongezewa dawa, hakulazwa. Anashona viatu karibu na stendi. Uji anapika mwenyewe mpaka leo, na mimi nikienda kumsalimia ananimiminia kikombe kwanza, ndipo anajimiminia na yeye.